Majani Mpaka Tumboni

Kila asubuhi ya likizo, kabla chai haijachemka, Madoa alikuwa uani akikagua brashi za baba yake. Baba yake alikuwa fundi rangi, na brashi iliyolala bila kuoshwa ilimuuma kuliko jino bovu. Kwa hiyo Madoa alizishika moja moja, akazitenganisha nywele kwa kidole, akanusa kama kuna tapentaini ya kuoshea iliyobaki, kisha akazipanga ndani ya kopo, kubwa nyuma na ndogo mbele. Ile ndogo kuliko zote ilikuwa yake. Baba alimpa siku aliyofaulu kuingia darasa la sita.

Bila shaka alikuwa na jina lake la shuleni, lile ambalo mwalimu huita asubuhi, lakini hakuna aliyelitumia nyumbani wala mtaani. Aliitwa Madoa kwa sababu mikono yake haikuwahi kuwa ya rangi moja. Leo kidole gumba kina bluu, kesho kiwiko kina kijani. Mama yake alikwisha kukata tamaa. "Huyu nikimwosha sana nitamtoa ngozi," alikuwa akisema, "na madoa yatabaki."

Darasani Madoa hakuwa na mpinzani katika kuchora. Picha zake zilibandikwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na wageni walipoingia walizitazama kabla ya kukaa. Alichora wanyama, hasa wale wa kufugwa, na alijua kuwapa macho. Ukimtazama mbuzi wa Madoa ulihisi mbuzi naye anakutazama, tena anakudharau kidogo.

Lakini wanyama hao walikuwa na jambo moja la ajabu, na mtu pekee aliyeligundua alikuwa Chiriku, binti wa shangazi yake. Wanyama wa Madoa hawakuwa na miguu. Bata wake waliogelea. Kuku wake waliatamia mayai mwaka mzima. Mbuzi wake walisimama nyuma ya vichaka, na punda wake aliwahi kuvuka mto wenye maji tele katikati ya kiangazi. Hata alipochora familia yake, aliwakalisha wote nyuma ya meza yenye kitambaa kilichofika chini.

Haya yote yalianza darasa la nne. Siku hiyo Madoa alimchora ng'ombe mzuri, akamwekea na kwato, akainyanyua picha juu ili wenzake waone. Kutoka nyuma ya darasa sauti ikasema, "Jamani, ng'ombe kavaa mabuti!" Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye akageukia ubaoni ili asionekane anatabasamu. Wenzake waliisahau siku hiyohiyo. Madoa hakusahau, na tangu hapo majani yakaanza kuota katika picha zake, marefu, ya kijani kibichi, yakipanda mpaka tumboni.

Basi katika likizo hiyo baba alipata kazi ya kupaka rangi kliniki ya mifugo, nyumba ndefu iliyokuwa mwisho wa mtaa wao, mahali ambapo watu walileta mbuzi wenye kikohozi na mbwa waliokula wasichopaswa kula. Kulikuwa na chumba cha dawa, chumba cha daktari, na baraza pana ambapo wenye mifugo walikaa kwenye mabenchi wakisubiri. Ukuta wa baraza ulikuwa mweupe, laini, mtupu. Madoa alipouona, vidole vilimwasha.

Daktari wa mifugo alikuwa mama mrefu mwenye sauti nzito, anayeongea haraka kama mtu anayefukuzia basi. Aliutazama ukuta ule, akamtazama fundi.

"Hapa nataka picha ya ng'ombe," akasema. "Mvua hizi, nusu ya ng'ombe wanaoletwa wanachechemea. Wanasimama kwenye tope kutwa kucha, kwato zinaoza, mwenyewe hana habari. Jumamosi nina mkutano na wafugaji, nataka niwaonyeshe kwa fimbo: hapa, na hapa, na hapa. Ng'ombe asimame uwanjani, juu ya ardhi kavu, mwili wote uonekane kuanzia kichwa mpaka kwato. Unaye mtu wa kuchora?"

"Ninaye," baba akasema, na kifua kikamjaa. "Huyu hapa."

Daktari alimtazama Madoa kuanzia utosini mpaka kwenye mikono yenye bluu. "Wewe?"

"Ndiyo, Daktari," Madoa akajibu. "Shikamoo."

"Marahaba. Haya, tutaona."

Fundi rangi alikuwa na desturi yake. Mteja akishasema anachotaka, yeye hukirudia neno kwa neno, ili baadaye kusiwe na mimi nilisema hivi wewe ukasikia vile. Wenzake walimtania kwa hilo, lakini ndilo lililomfanya aitwe tena na tena. Akasimama mbele ya ukuta akarudia: "Ng'ombe, uwanjani, ardhi kavu, kichwa mpaka kwato." Daktari akaitikia kwa kichwa, akapanda gari lake, akaenda kuchanja ng'ombe huko mashambani.

Madoa aliyasikia maneno yale mara mbili, kwa sauti mbili. Hakuna hata moja lililompita.

Kesho yake alianza kazi. Baba alimsaidia kupiga mistari ya chaki kwa uzi, akamchanganyia rangi ya maji katika makopo madogo, kahawia, nyeupe, nyeusi na kijani, kisha akaingia ndani kupaka dari la chumba cha dawa. Madoa aliamua kumchora Asali, ng'ombe wa shangazi, ambaye alimjua tangu akiwa ndama. Alianza na kichwa. Akaweka pembe, moja iliyoelekea juu na nyingine iliyopinda kidogo. Akaweka baka jeupe la kwenye paji la uso. Mchana baba alipotoka kunywa maji alisimama na kikombe mkononi, akasahau kunywa.

"Mwanangu," akasema, "huyu ananiuliza nimemletea nini."

Madoa akacheka kwa furaha. Siku hiyo alimaliza shingo, mgongo, tumbo na mkia. Kesho yake asubuhi brashi ilifika kwenye miguu.

Alisimama. Akachora mstari mmoja kwa chaki, akaufuta kwa kitambaa. Akachora mwingine. Goti la mbele lilikunjika vizuri, lakini mguu wa nyuma ulikuwa na kiungo kilichoelekea upande asioutarajia, na kwato zilimshinda kabisa. Kila alichochora kiligeuka kuwa kiatu. Alifuta mpaka ukuta ukawa na wingu la chaki. Mle ndani baba alikuwa akipiga mluzi, rola ikienda juu na chini. Angeweza kumwita. Lakini baba alimwambia Daktari kwa kifua mbele, "Huyu hapa." Angemwambiaje sasa kwamba huyu hapa hajui kuchora ukwato?

Mkono ukaenda wenyewe kwenye kopo la kijani.

Jani la kwanza lilikuwa dogo tu, kando ya mguu mmoja. La pili likamfuata mwenzake. Kufumba na kufumbua pakawa na shamba zima, na lazima isemwe kweli, yalikuwa majani mazuri sana, mengine yamelala, mengine yamesimama, mengine yamebeba mbegu kwenye ncha. Madoa aliyapaka mpaka yakaligusa tumbo la Asali. Kisha akarudi nyuma akatazama. Alijiambia kwamba picha imependeza. Alijiambia pia kwamba ng'ombe hula majani, kwa hiyo hakuna atakayeshangaa.

Alasiri gari la Daktari likaingia. Daktari alishuka na mabuti yenye tope, akapanda baraza, akasimama. Uso wake ukafunguka.

"Eee! Ng'ombe huyu mbona ni kama atapumua! Umemchora wewe?"

"Ndiyo, Daktari."

"Hongera, binti. Hongera sana." Akasogea karibu. Akainama. Macho yake yakashuka taratibu kutoka mgongoni hadi tumboni, halafu yakakosa pa kwenda. "Na miguu je?"

Madoa akaanza kufuta brashi ambayo haikuwa na rangi.

"Binti, nakuuliza. Kwato ziko wapi?"

"Ziko ndani ya majani, Daktari."

"Ndani ya majani! Mimi wafugaji nitawaonyesha nini, majani? Si nilisema ardhi kavu? Nani amekwambia uweke majani?"

Swali lile lilikuja kwa sauti ile nzito, na mtu mmoja aliyekuwa benchini na mbuzi wake akageuka kutazama. Madoa alihisi joto likimpanda masikioni. Ni kama alikisikia tena kile kicheko cha darasa la nne, chote, mwanzo mpaka mwisho. Mdomo ukafunguka kabla hajafikiri.

"Ni baba," akasema. "Baba ndiye aliyeniambia niweke majani."

Hapo ndipo alipoona kwamba mluzi umekoma. Baba alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha dawa, rola mkononi, rangi nyeupe ikimdondokea juu ya kiatu. Alikuwa amesikia. Alimtazama Madoa kwa muda, si kwa hasira, bali kama mtu anayesubiri mwingine amalize sentensi. Madoa akatazama chini. Baba akaiweka rola chini.

"Ni kosa langu, Daktari," akasema. "Utuwie radhi. Tutarekebisha kabla ya Jumamosi."

"Fundi!" Daktari akatikisa kichwa. "Si uliyarudia maneno yangu hapa hapa? Mimi nimeshampigia mkubwa wangu simu, nimemwambia nimepata fundi anayesikia anachoambiwa, wampe na kliniki nyingine. Sasa nitamwambia nini? Ngoja kwanza. Ngoja nione hiyo Jumamosi." Akaingia ofisini, na mlango ukafungwa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa ileile, lakini siku hiyo ilirefuka. Baba alibeba ngazi begani, Madoa akabeba makopo. Kwa kawaida baba alikuwa na utani kwa kila duka walilolipita. Leo aliwasalimia tu watu na kupita. Madoa alitamani agombezwe. Angegombezwa angelia, angelia angesamehewa, na mambo yangekwisha. Lakini baba hakugomba.

Walipofika uani walichuchumaa kando ya ndoo, wakaosha brashi pamoja kama siku zote. Maji yakawa ya kijani.

"Majani yale," baba akasema hatimaye, bila kuinua kichwa. "Kwa nini?"

Maneno yakamtoka Madoa yote kwa mkupuo: darasa la nne, mabuti, bata wanaoogelea, punda wa mtoni, mstari wa chaki alioufuta na kuufuta. Alisema huku akiendelea kuosha brashi ambayo ilikwisha kutakata.

"Kumbe ndiyo maana punda alivuka mto," baba akasema, na kidogo acheke. "Mimi nikajua ni safari ya muhimu. Na kwa nini hukuniita?"

"Niliogopa ungejua kwamba sijui."

"Mama, mimi mwenyewe sijui kuchora hata sufuria." Akazikung'uta brashi, akazisimamisha koponi. "Kesho usije kazini. Nenda kwa shangazi yako, ukakae chini, karibu na miguu ya Asali, mpaka uijue. Keshokutwa tutaonana ukutani. Majani umeyapanda mwenyewe, utayafyeka mwenyewe."

"Na Daktari?"

"Hilo la Daktari," baba akasema akiinuka, "sitalisema mimi." Akaingia ndani kula.

Usiku huo Madoa alilala kwa kujigeuzageuza, na kulipokucha alikuwa wa kwanza kutoka. Shangazi yake alikaa upande wa pili wa mtaa, na nyuma ya nyumba alikuwa na banda la ng'ombe lenye sakafu ya saruji. Alimkuta amekwisha kukamua, anachuja maziwa kwa kitambaa.

"Shangazi, shikamoo. Nimekuja kutazama miguu ya Asali."

"Marahaba. Miguu?" Shangazi akamkazia macho. "Watu huja kutazama maziwa. Haya, basi shika ndoo na hii brashi ngumu. Hutaiona miguu ikiwa na tope."

Kwa hiyo Madoa aliiosha kwanza, na pale alianza kujifunza bila kujijua. Shangazi aliuinua mguu wa mbele, akaukunja, akaushikilia kwenye paja lake, na Asali akaendelea kutafuna kama mambo hayamhusu. Madoa alisugua tope kwenye kwato. Brashi ilizama katikati, na hapo akagundua kwamba ukwato haukuwa kitu kimoja. Ulikuwa sehemu mbili zilizosimama bega kwa bega, zenye ncha mbele, na katikati yake ufa mwembamba. Huko ndani ya ufa palikuwa na kijiwe. Shangazi akakitoa kwa kijiti.

"Hiki kingekaa wiki moja ungemwona anachechemea," akasema. "Pitisha kidole. Hapo pakiwa pamoto, au panatoa harufu, ujue kuna kazi."

Madoa akapitisha kidole. Akapandisha mkono, akakuta nyuma ya mguu vikwato viwili vidogo visivyogusa chini. Miaka yote aliyomjua Asali hakuwahi kuviona. Akaenda nyuma, akafuata mfupa kwa kiganja. Kile kiungo kilichomtesa ukutani hakikuwa goti. Goti la nyuma lilikuwa juu, karibu na tumbo, limefunikwa na nyama. Hiki cha chini kilikuwa kama kisigino chake mwenyewe, kimenyanyuliwa juu. Madoa alisimama kwa ncha za vidole, akainua visigino, akajitazama miguu. Akacheka peke yake.

Kisha akachukua kipande cha mkaa, akaanza kuchora juu ya saruji. Mguu wa kwanza ulikuwa kiatu. Wa pili kiatu. Chiriku alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama juu ya michoro ile. Kwa bahati mbaya mdomo wa Chiriku haukuwa na mlango.

"Huyu kavaa mabuti," akasema. "Huyu kandambili. Huyu wa tatu sijui, nadhani soksi."

Madoa alihisi joto lilelile likipanda masikioni. Akaitazama michoro, na kwa kweli, ya tatu ilikuwa soksi. Kicheko kikamtoka puani. Wakacheka wote wawili mpaka Shangazi akauliza kuna nini, na Asali akageuza kichwa.

"Sasa badala ya kunicheka, niambie imekosea wapi," Madoa akasema.

Chiriku akachuchumaa. Yeye alikuwa akimpeleka Asali kunywa maji kila siku. "Umeufanya mguu unene mpaka chini. Tazama, hapa juu ya ukwato unakonda, halafu ndipo unapanuka tena."

Madoa akatazama. Ilikuwa hivyo. Akafuta kwa maji, akachora tena. Shangazi alipita na ndoo akaruka mguu mmoja, akapita na majani akaruka mwingine. Kufikia alasiri sakafu nzima ilikuwa imejaa miguu, na ile ya mwisho, ya karibu na ukuta, Chiriku aliitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Kwa Chiriku, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Ijumaa alfajiri Madoa alikuwa barazani na msasa. Kufyeka majani yale kulimtoa jasho. Alisugua mpaka vumbi la kijani likamjaa nyusi, akapangusa kwa kitambaa kibichi, baba akampa rangi nyeupe ya chini, akaipaka, akasubiri ikauke, akapaka tena. Jani moja lenye mbegu, lile alilolipenda kuliko yote, alilifikia mwisho. Akalisugua nalo.

Halafu akachora miguu. Hakuharakisha. Ya mbele ilitoka vizuri. Mmoja wa nyuma ulitoka vizuri. Mwingine ulimzidia unene kidogo pale juu ya ukwato, na kila alipojaribu kuupunguza ulikataa, mpaka baba akamwambia auache kabla haujaharibika zaidi. Chini ya kwato akaweka ardhi kavu, yenye vumbi na vivuli. Alipomaliza, Asali alikuwa amesimama uwanjani, kichwa mpaka kwato.

Madoa alipaswa kufurahi, na alifurahi. Lakini Daktari alikuwa bado anaamini ule uongo wa Jumatano. Alikata shauri: kesho atawahi, atamngojea Daktari mlangoni, atamwambia wakiwa wawili tu, kimyakimya.

Mambo hayakwenda hivyo. Jumamosi wafugaji walifika mapema kuliko Daktari. Walijaa mabenchi yote, wengine wakakaa ukingoni mwa baraza, wakiitazama picha na kubishana kama ng'ombe yule anatoa maziwa mengi au machache. Daktari aliposhuka kwenye gari, watu walimzunguka kwa maswali, na Madoa hakupata hata upenyo. Baba alikuwa amesimama pembeni, amevaa shati lake safi.

Daktari akaitazama picha. Akaisogelea, akainama kwenye kwato, akainuka akitabasamu.

"Sasa huyu ndiye ng'ombe niliyemtaka," akawaambia watu. "Mngemwona juzi! Fundi wetu aliyasahau maagizo, akamfukia kwenye majani mpaka tumboni. Nusura niwafundishe kutibu majani!"

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka, na mmoja akasema kwa sauti, "Fundi, masikio nayo hupakwa rangi?" Wakacheka zaidi. Baba naye akatabasamu, akajikuna shingo. Madoa aliuona mkono ule shingoni. Ulikuwa mkono wa mtu anayechekwa na hana pa kujificha, na yeye Madoa aliujua mkono huo vizuri sana.

"Si baba!" akasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Vicheko vikapungua.

"Daktari, samahani. Baba hakusahau. Baba hakuniambia niweke majani. Nilimsingizia." Maneno yalikuwa yamekwisha kupata njia. "Mimi ndiye niliyeyaweka, kwa sababu sikujua kuchora kwato, na niliona aibu kusema. Ulipouliza niliogopa, nikamtaja yeye. Yeye alikuwa ndani anapaka dari."

Mbuzi mmoja alikohoa. Daktari alimtazama Madoa, halafu akageuka akamtazama fundi, na ile sauti nzito ikapungua.

"Fundi, ni kweli?"

"Ni kweli, Daktari."

"Na wewe ukakubali kosa lisilo lako, mbele yangu, huku nikikufokea?"

"Ningembishia mwanangu mbele ya watu, angezidi kujificha," baba akasema. "Nilitaka atoke mwenyewe."

Daktari akavua kofia yake. "Basi mimi nakuomba radhi, tena mbele ya hawa hawa niliokusema mbele yao. Na mkubwa wangu nitampigia leo." Akamgeukia Madoa. "Na wewe nitakwambia neno baada ya kazi. Sasa hivi shika hii fimbo. Nikitaja, unaonyesha. Hizo kwato inaelekea unazijua."

Madoa alizijua. Alionyesha ufa wa katikati, akaonyesha pale panapopata moto, akaonyesha vikwato vya nyuma. Mfugaji mmoja akasema ng'ombe wake anachechemea na hajui kwa nini, na Madoa, kabla Daktari hajajibu, akamuuliza kama amemtazama kwenye ufa wa ukwato, pengine kuna kijiwe. Mfugaji akakiri kwamba hajamtazama.

Mkutano ulipokwisha na watu wakaanza kutawanyika, Daktari alimwita. Baba akasogea pia.

"Neno langu ni fupi," Daktari akasema. "Mimi mwenyewe nilipoanza kazi hii nilikuwa naogopa ng'ombe wakali. Nilimwambia mwalimu wangu. Nisingemwambia, leo ningekuwa nimeshapigwa teke, au nimeshaua ng'ombe wa watu. Ukikwama, sema umekwama. Anayekusikia ndiye anayeweza kukusaidia. Basi." Akaenda zake, akitembea haraka kama kawaida.

Baba alibaki akiitazama picha.

"Kwato hukuzijua, na hilo halikunisumbua hata kidogo," akasema. "Kwato zinajifunzwa, na umejifunza. Kilichoniuma ni kingine. Kwanza ulijificha kwenye majani. Majani yalipokufichua, ukaja ukajificha nyuma yangu. Umenielewa, mama?"

"Nimekuelewa, baba. Nisamehe."

"Nilishakusamehe. Nilikuwa nakusubiri tu." Akamwekea mkono kichwani, ukakaa hapo kwa muda.

Mama mmoja mfugaji, aliyekuwa akifungua kamba ya mbuzi wake, akaja akasimama mbele ya ukuta. Aliitazama picha kuanzia pembe mpaka chini, kisha akamgeukia baba. "Fundi, nani amechora?"

"Muulize mwenyewe," baba akasema.

Mama yule akamtazama Madoa. Madoa akanyoosha mgongo.

"Nimechora mimi," akasema. "Na ule mguu wa nyuma, ule mnene, nao ni wangu."